Ubwari si Kisiwa: Safari za Majini na za Nchi Kavu katika Historia ya Fizi na Baraka

Mwezi Aprili 1858 mitumbwi miwili iliyotoka Ujiji ilivuka Ziwa Tanganyika na kutua katika nchi ya Ubwari. Ndani yake walikuwamo Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, pamoja na wapiga kasia, askari na wafasiri wao. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 juu ya nchi za maziwa ya Afrika ya Kati, Burton aliieleza Ubwari kuwa ni kisiwa. Ubwari si kisiwa. Ni rasi ndefu iliyoshikamana na bara kwa upande wa kusini, na kati ya rasi hiyo na bara imeingia ghuba ambayo ukingoni mwake, upande wa magharibi, umejengwa mji wa Baraka. Mtu anaweza kutoka Baraka, akaizunguka ghuba, akafika Ubwari bila ya kulowesha nyayo, isipokuwa kwenye vijito vya njiani.

Makala haya hayana nia ya kumcheka Burton, maana makosa ya wasafiri ni mengi na mengine ni makubwa kuliko hilo. Nia yake ni kuonyesha kwamba kosa hilo lina chanzo, na kwamba chanzo hicho kimeendelea kuathiri namna historia ya Fizi na Baraka inavyoandikwa. Nchi hii imeangaliwa kutoka majini. Walioiandika walifika kwa mtumbwi, kwa mashua au kwa meli, wakaiona milima kama ukuta na pwani kama mstari chini ya ukuta huo, wakaandika walichokiona. Waliokwenda kwa miguu, mzigo mgongoni, ambao ndio wengi, hawakuandika. Na pale ambapo mgeni alishuka chomboni akapanda mlima, mara nyingi jambo la pili lilimzuia: hakuijua lugha ya njia, yaani Kiswahili, au aliijua nusu nusu.

Njia na mzigo

Msafiri anayefunga begi mgongoni na kupanda basi dogo au lori mjini Uvira ili aende Baraka anafuata Barabara ya Taifa namba 5, ile inayotoka Bukavu na kuelekea Kalemie. Mkono wake wa kushoto lipo ziwa. Wa kulia imesimama milima ya Mitumba. Kwa sehemu kubwa ya safari nafasi iliyobaki kati ya viwili hivyo ni ukanda mwembamba, na ndani ya ukanda huo vimebanana vijiji, mashamba, masoko na barabara yenyewe. Makobola hupitwa, kisha Mboko. Mito iteremkayo kutoka milimani huikata barabara kila baada ya mwendo mfupi, na daraja likichukuliwa na mvua gari hubaki upande mmoja, abiria huvuka kwa miguu, na mizigo huhesabiwa upya ng'ambo. Wenyeji huiita barabara hiyo balabala, kwa matamshi ya Kiswahili cha Kongo, na ukiwasikiliza wakizungumza juu yake utadhani wanamzungumzia mgonjwa: leo imeamka, jana ilikuwa imelala.

Baada ya Baraka barabara huliacha ziwa na kuanza kupanda. Ziwa lenyewe lipo kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Fizi, makao makuu ya teritwari yenye jina hilohilo, imekaa juu ya vilima vyenye kimo cha zaidi ya mita elfu moja. Na kaskazini-magharibi, katika safu ya Itombwe, kilele cha Mohi hufikia mita 3,475. Hivyo anayetoka Baraka asubuhi akiwa na jasho la ziwani anaweza kujikuta jioni akitafuta nguo nzito. Teritwari ina sekta nne, Tanganyika, Mutambala, Lulenge na Ngandja, na wengi wa wakazi wake ni Wabembe, ingawa Wabuyu, Wabwari, Wazoba, Wanyamulenge na wengine wamo pia. Kila kundi lina lugha yake. Sokoni na ndani ya gari wote hukutana katika Kiswahili.

Hapana budi kusema neno juu ya mzigo, kwa sababu ndio kiungo cha makala haya. Katika njia za pwani mpagazi alichukua mzigo wake kichwani au begani, na mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Ule uliowazidi nguvu watu mmoja mmoja ulitundikwa kwenye mti na kuchukuliwa na wawili, ukaitwa mzegazega. Katika milima ya Kivu mambo ni mengine. Huko mzigo hukaa mgongoni, ukishikiliwa na kamba au ukanda unaopita kwenye paji la uso, na wabebaji wake wakubwa ni wanawake. Mteremko ndio unaoamua: anayepanda kilima kikali mikono yake lazima iwe huru, na kichwa kilichobeba mtungi hakiwezi kuinama kutazama nyayo zinapokanyaga. Kwa hiyo kijana wa leo anayeshuka kwenye basi na begi lake mgongoni, akidhani ameleta mtindo mpya wa kusafiri, anakutana na akina mama ambao mabibi zao walisafiri vivyo hivyo. Wapagazi wa njia ya Bagamoyo hadi Ujiji wameandikiwa vitabu. Akina mama hawa wa ng'ambo ya pili ya ziwa wamepewa kurasa chache mno.

Miguu ya Burton na sikio la Speke

Burton na Speke waliliona ziwa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Februari 1858, na walikuwa katika hali ya kusikitisha. Burton alikuwa amepooza miguu kwa homa, na kwa muda mrefu hakuweza kutembea bila ya kusaidiwa. Speke alikuwa na maradhi ya macho. Ziwa alilolitafuta kwa miezi alilipata likiwa ukungu mbele yake. Si lazima tuwe na ukatili ili tuone maana ya jambo hili. Mtu asiyeweza kutembea huijua nchi kwa kadiri chombo kinavyompitisha mbele yake. Walitua Ubwari, kweli, lakini hapakuwa na mwenye miguu ya kuifuata rasi kuelekea kusini hadi aone inaposhikana na bara.

Sababu ya pili ni lugha, na hapa ushahidi ni mzuri zaidi. Mwezi Machi Speke alikuwa amevuka peke yake hadi Kasenge, karibu na pwani ya magharibi, kumwomba Sheikh Hamid bin Sulayyam jahazi. Jahazi hakulipata. Alirudi na habari kwamba kaskazini mwa ziwa kuna mto mkubwa unaotoka ndani yake, habari ambayo kwa watu waliokuwa wakikitafuta chanzo cha Nile ilikuwa na thamani kuliko jahazi lolote. Lakini Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Alizungumza na watu kwa kupitia Sidi Mubarak Bombay, na yeye na Bombay waliongea Kihindustani. Walipofika Uvira tarehe 26 Aprili, wana watatu wa chifu Maruta walikuja kuwatembelea na wakasema bila kusita kuwa mto Rusizi unaingia ziwani. Ndipo Bombay naye aliposema kwamba Speke hakumwelewa Hamid: Sheikh alizungumzia mto unaoingia, siyo unaotoka.

Maneno ya Hamid tumeyapata kwa Kiingereza tu, kwa hiyo yanayofuata ni dhana ya mwandishi wa makala haya. Katika Kiswahili, sentensi "mto unatoka kaskazini" humaanisha kuwa chanzo chake kipo kaskazini, na ikiwa ziwa lipo kusini yake basi mto huo unaingia ziwani. Ikipita katika lugha nyingine, na masikioni mwa mtu anayetamani jibu fulani, sentensi hiyohiyo hugeuka kwa urahisi kuwa mto unatoka ziwani, upande wa kaskazini. Kiambishi kimoja cha mahali kikipotea, mto mzima hubadili mwelekeo. Safari nzima ya Uvira ilifanywa kwa ajili ya kosa ambalo mtu mwenye Kiswahili cha kawaida angelitatua Kasenge kwa swali moja la nyongeza.

Huenda habari ya Ubwari nayo ina asili ya namna hiyo. Neno letu rasi hutumika zaidi kwa ncha ya nchi iliyoingia majini. Kwa nchi ndefu yenye milima, vijiji na mashamba, iliyozungukwa na maji pande tatu, hatuna neno lililozoeleka. Kwa mpiga kasia wa Ujiji, Ubwari ni mahali panapofikiwa kwa kuvuka maji na kuondokwa kwa kuvuka maji. Akiulizwa kama ni kisiwa, kwa nini akatae? Swali lilitoka mtumbwini, na jibu lake lilikuwa la mtumbwini.

Mwezi Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi hadi kaskazini mwa ziwa na kuthibitisha kwa macho yao kuwa Rusizi unaingia. Mwaka 1876 Stanley alirudi na mashua yake, Lady Alice, akalizunguka ziwa lote, na ndipo Ubwari ilipoacha kuwa kisiwa katika ramani za Ulaya. Ghuba aliyoikuta nyuma ya rasi aliipa jina la Burton, na jina hilo limedumu. Ni heshima ya ajabu kidogo. Kama Ubwari ingekuwa kisiwa kama alivyoandika Burton, pale pangekuwa na mlango wa maji tu na wala si ghuba. Mji wa Baraka basi umekaa katika ghuba yenye jina la mtu ambaye hakujua kuwa ni ghuba.

Waliofuata nao walikuja kwa maji. Mapadri Weupe, wakitokea upande wa Ujiji, walifungua kituo Masanze mwaka 1880 na kingine Kibanga mwaka 1883, wakakiita Lavigerieville kwa heshima ya Kardinali Lavigerie. Muhammad bin Khalfan, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Rumaliza, alizitawala biashara za kaskazini mwa ziwa akiwa Ujiji, hadi vita vya 1892 hadi 1894 kati ya Dola Huru ya Kongo na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili vilipomwondoa. Reli ya Kijerumani ilifika Kigoma mwaka 1914. Ya Kibelgiji ikafika Albertville, ambayo sasa ni Kalemie, mwaka 1915. Baraka haikupata reli. Ilipata gati, pamba, na barabara iliyolimwa kwa mikono ya wanavijiji, ambao, kama kwingineko katika Kongo ya Kibelgiji, walitakiwa wahame milimani na kupanga nyumba zao kandokando ya barabara hiyo ili wahesabiwe na kutozwa kodi kwa wepesi.

Tatu

Mgeni wa majini aliyejaribu kweli kuijua nchi hii kwa miguu alikuja alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1965. Alivuka kutoka Kigoma na kundi dogo la Wakuba hadi Kibamba, kusini mwa Baraka, ili kuwasaidia wapiganaji wa uasi wa mashariki, Simba. Kila Mkuba alipewa jina la Kiswahili, na kwa kuanzia walitumia tarakimu: kamanda Víctor Dreke aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo akaitwa Mbili, na yule wa tatu, aliyejifanya daktari na mfasiri tu, akaitwa Tatu. Huyu alikuwa Ernesto Che Guevara. Idadi ya Wakuba ilizidi mia moja baadaye.

Kumbukumbu alizoziandika Che mara baada ya kushindwa, akiwa Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka huo, zilibaki zimefungwa kwa miaka mingi, na zilichapishwa kwa ukamilifu katika miaka ya 1990. Kwa msomaji wa Fizi, zina jambo ambalo halimo katika maandishi ya karne iliyotangulia: zimeandikwa na mtu aliyechoka kupanda. Milima inayoonekana ukuta kutoka ziwani, kwake imekuwa saa za kupumua kwa shida (alikuwa na pumu), matope, njia zinazogawanyika, na vijiji vinavyotoa muhogo. Mwezi Agosti alikwenda hadi Lulimba, Fizi na Baraka. Baraka aliikuta na dalili za utajiri uliopita, ikiwa ni pamoja na kiwanda cha kuchambulia pamba, lakini imebomolewa na mabomu. Fizi aliikuta mji mdogo wa mlimani usio na ulinzi wa maana.

Lakini zipo kurasa ambazo miguu yake ilifika na sikio lake halikufika. Che alilalamika mara nyingi kwamba wapiganaji wa Kikongo walikataa kubeba chakula na silaha kutoka ziwani hadi kambini. Wakiambiwa wabebe, walijibu kuwa wao si motokaa. Na baadaye, Wakuba walipozoea kubeba wenyewe, walijibu kuwa wao si Wakuba. Ameyanukuu majibu hayo kwa Kiswahili, katika sarufi ya Kongo ambamo hapana hushika nafasi ya si, na akayachukua kuwa ni ushahidi wa utovu wa nidhamu. Msomaji anayeijua historia ya mzigo atasita kukubaliana naye. Wakati wa Dola Huru, upagazi wa lazima ulikuwa miongoni mwa mateso makubwa ya mashariki ya Kongo. Mwaka 1916 majeshi ya Kibelgiji yaliyokwenda kuiteka Tabora yalifuatwa na makumi ya maelfu ya wapagazi, na wengi hawakurudi. Baba na babu za vijana wale wa 1965 walibebeshwa kwa kiboko, kisha ukaja uhuru. Kumwambia kijana wa namna hiyo kwamba mapinduzi huanza kwa kubeba gunia mlimani ni kumwambia neno ambalo masikio yake yamekwisha kulisikia kwa sauti nyingine. Kukataa kwake kulikuwa na siasa ndani yake. Huenda ndiyo siasa aliyoijua kuliko zote.

Che mwenyewe alilikaribia jambo hili katika tathmini yake ya mwisho. Kati ya makosa aliyojishitaki nayo, mojawapo ni kutojifunza Kiswahili vya kutosha. Alieleza kuwa Kifaransa chake kilimwezesha kuzungumza na viongozi lakini kikamtenga na wapiganaji wa kawaida, na kwamba hakuwa na utashi wa kufanya juhudi iliyotakiwa. Mwalimu alikuwa naye: Freddy Ilanga, kijana wa Kikongo aliyepewa kazi ya kumfundisha lugha, ambaye baadaye aliishi Kuba, akawa daktari, na akafariki mwaka 2005. Sijui kama yapo maungamo mengine ya jemadari juu ya lugha yetu yenye uzito wa hayo. Yanastahili kusomwa katika kila darasa linalofundisha Kiswahili kwa wageni.

Mwisho wa vita hivyo ulikuja tena kwa maji. Mwishoni mwa Septemba 1965 askari wa kukodiwa wa Mike Hoare, pamoja na jeshi la serikali, walitua kwa mashua karibu na Baraka, na baada ya mapigano makali mji ukatekwa. Fizi ikafuata mwezi Oktoba. Che aliondoka kwa njia aliyojia, ng'ambo ya ziwa, tarehe 21 Novemba. Laurent-Désiré Kabila alibaki, na mwaka 1967 alianzisha chama chake, PRP, katika milima hiyohiyo. Makao yake yaliitwa Hewa Bora. Jina hili ni Kiswahili kitupu, na ni jina la mtu aliyepanda: halimjii mtu anayeitazama milima akiwa ziwani.

Maji ya moto ya Banza

Inafaa sasa kuuliza kwa nini nchi hii ina umbo hili linalowapotosha wageni. Ziwa Tanganyika limelala ndani ya bonde la ufa. Gamba la dunia limepasuka kutoka kaskazini hadi kusini. Upande mmoja wa ufa umezama na kuwa ziwa lenye kina kinachofikia kiasi cha mita 1,470, na upande mwingine umeinuka na kuwa Mitumba. Ukanda mwembamba unaopitwa na basi kutoka Uvira hadi Baraka ni ukingo wa ufa huo. Maji ya mvua yakizama ndani ya nyufa hizi hufika mahali penye joto kali, huyeyusha madini ya miamba, kisha hupanda tena kwa njia nyingine yakiwa ya moto. Mlima, barabara iliyobanwa na chemchemi ya maji moto ni watoto wa mama mmoja.

Ndiyo maana chemchemi kama hizo zimetapakaa katika bonde lote. Katika Hifadhi ya Virunga, upande wa Rutshuru, kuna mahali panapoitwa Mai ya Moto, na msomaji wa pwani ataona mara moja kwamba ni maji yetu yaliyoangusha konsonanti moja. Umbo hilo la mai, au mayi, ndilo lililosikika katika ukelele wa vita wa Simba, walioamini kwamba dawa ya mganga huzigeuza risasi kuwa maji, kama walivyoamini wapiganaji wa Majimaji mwaka 1905. Mashariki mwa ziwa, Uvinza, chemchemi za maji ya chumvi zimechemshwa na watu kwa zaidi ya miaka elfu moja, kama uchimbaji wa wanaakiolojia ulivyoonyesha, na chumvi yake ilikuwa bidhaa mashuhuri katika njia za biashara za nchi za ziwani.

Chemchemi za Fizi zenyewe zimejificha kuliko hizo. Mwezi Aprili 1987 watafiti walikuta, chini ya maji ya ziwa, chemchemi za moto mahali pawili katika pwani ya Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo: Pemba (isichanganywe na kisiwa chetu) na Rasi ya Banza. Kati ya Agosti na Oktoba 1991 msafara wa watafiti kutoka Ufaransa, Zaire, Ujerumani na Burundi, uliopewa jina la TANGANYDRO, ulirudi na wapiga mbizi kumi. Walizifuata chemchemi hizo hadi kina cha mita 46, wakapima joto la kuanzia nyuzi 53 hadi 103 za Selsiasi. Kiwango hicho cha juu kisimshangaze msomaji, kwani maji yaliyogandamizwa na uzito wa maji mengine hayachemki kwenye nyuzi mia moja. Pemba kulikuwa na mishipa ya madini ya chuma na salfa. Banza, maji ya moto yalikuwa yamejijengea vibomba vyeupe vya chokaa, vingine vifupi kama ukucha, vingine vya sentimeta 70, vimesimama chini ya ziwa kama dohani za kijiji kidogo. Maji ya Banza yana chumvi, mfano wa yale ya Uvinza.

Rasi ya Banza ni ncha ya kaskazini ya Ubwari. Njia ya mtumbwi kutoka Ubwari kwenda Uvira hupita mbele yake. Burton alipita huko mwaka 1858 akiifikiria ncha hiyo kuwa mwisho wa kisiwa. Stanley akapita akisahihisha ramani. Mashua za mapadri, za biashara na za vita zikapita. Wote walitazama pwani kutoka majini, na maji yenyewe wakayaona kuwa ni njia tu. Hata neno ugunduzi, linalotumika katika taarifa za 1987, lipimwe kwa uangalifu. Wanasayansi wamegundua madini, vipimo na sababu. Kuhusu nani alikuwa wa kwanza kuona mapovu yakipanda kando ya mwamba, au kusikia maji ya uvuguvugu yakimpita miguuni, wavuvi wa Ubwari hawakuulizwa kwa maandishi.

Bandari ya Baraka

Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwapeleka watu wa Fizi kwa maelfu ng'ambo ya ziwa, mkoani Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo, ya Lugufu mwaka uliofuata, na vita vya pili, vya 1998, viliongeza idadi. Kuanzia Oktoba 2005 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilianza kuwarudisha waliotaka, kwa meli, kutoka Kigoma hadi Baraka. Picha zinazojulikana za kurudi huko ni picha za gati: meli, vitambulisho, watoto wakiteremshwa. Safari haikuishia gatini. Wenye vijiji vya pwani walipanda malori. Wenye vijiji vya milimani walifika kwa lori mahali barabara ilipokomea, wakafunga walichopewa mgongoni, wakapanda. Sehemu hii ya pili haikupigwa picha nyingi, na kwa mwanahistoria ndiyo yenye maswali: mtu aliyeondoka na mtoto mmoja akarudi na wanne aliikumbuka vipi njia? Shamba lake lilikuwa na nani? Alizungumza na jirani yake kwa Kiswahili cha wapi?

Kambi ya Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Nyarugusu imeendelea kupokea watu, kwa sababu amani ya Fizi tangu 1996 imekuwa ya vipindi, na barabara ya Uvira imefungwa na kufunguliwa mara nyingi. Katika vipindi inapopitika, mabasi madogo, malori na pikipiki hurudi mara moja, na bei ya samaki Fizi mjini hushuka kabla ya habari za usalama kutangazwa redioni.

Anayetaka kwenda Banza leo ataambiwa Baraka kuwa njia nyepesi ni ya majini, na ni kweli, mtumbwi wa injini huivuka ghuba upesi. Njia ya nchi kavu nayo ipo. Huizunguka ghuba kwa upande wa kusini, hupita katika shingo inayoiunganisha Ubwari na bara, kisha hufuata mgongo wa rasi kuelekea kaskazini, kijiji hadi kijiji. Mwanafunzi mmoja mwenye miguu mizima, daftari, na Kiswahili cha kutosha kuuliza swali la nyongeza, aifuate njia hiyo wakati wa usalama, na katika kila kijiji aandike majina: ya vijito, ya miamba, ya njia za kupandia, ya familia zilizovuka na kurudi. Akifika kwenye ncha awaulize wavuvi, kwa Kiswahili kwanza na kisha kwa lugha yao wenyewe, mahali pale ambapo maji huchemka panaitwaje.